Mchezo wa Posho

King'ora cha kiwanda kilipolia asubuhi, wanaume wa kambi walikwenda kazini, na akina mama waliwapeleka watoto wao wadogo kwa Mwalimu Hortense. Watoto waliketi kwenye mabenchi, mikono imekunjwa kifuani, kimya.

Hortense alifundishwa hivyo hivyo na wamisionari. Tena nyumbani kwao walisema kwamba mtoto mwenye adabu hasemi mbele ya wakubwa. Kimya kile kilimfurahisha, mpaka siku Albertine, mama yake Kapya, alipomsimamisha mlangoni.

“Mwalimu, mutoto yangu alikuwa anasema kama kasuku. Tangu aingie mu masomo yako, hasemi tena, hata ku nyumba. Anakojoa mu kitanda. Nitangoya mupaka siku ya posho. Kama hasemi, nitamutosha mu masomo, abakie ku nyumba. Na bamama bengine bananiangalia miye.”

Mchana ule Hortense aliwaza. Akina mama wakiwatoa watoto, shule itafungwa. Lakini hofu nyingine ilimzidi: je, ni yeye aliyemharibu mtoto?

Jioni alikwenda kwa jirani yake Brigitte, aliyefundisha watoto wadogo miaka mingi, na ambaye alimwita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya, Kapya iko mugonjwa?”

“Iko na woga. Unamufundisha nini?”

“Kukaa muzuri. Kunyamaza. Kuhesabu.”

Brigitte alicheka taratibu. “Miye pia nilianza vile. Sikia, mudogo wangu. Mutoto mudogo anajifunza na mikono na kinywa. Muchezo njo kazi yake. Anza na kitu anajua, na ukae chini, macho yako na yake sawasawa. Mu lupango, pale inje ya nyumba, batoto banachezaka nini?”

“Banachezaka posho.”

“Basi! Masomo iko tayari, na weye unaifukuza inje.”

Siku ya posho kambi nzima hupanga mstari kupokea unga, maharagwe na samaki wakavu, kila nyumba kwa hesabu ya watoto wake. Asubuhi ya siku hiyo Hortense alileta udongo wa kichuguu na makopo matupu. Akasukuma mabenchi ukutani.

“Leo tunacheza posho,” alisema.

Hakuna aliyesogea. Watoto walidhani wanategwa. Albertine alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Hortense akaketi sakafuni.

“Hii njo bunga. Nani atapima?”

Alikaribia kuinuka na kuwaamuru wakunje mikono. Akajizuia.

Ndipo Kapya alipokuja, akamnyang'anya kopo. Akalijaza, akalisawazisha kwa kiganja.

“Kopo moya! Mbili! Weye mwalimu, hapana kukaa mbele! Rudia nyuma ku mustari!”

Darasa lililipuka kwa kicheko. Hortense akaenda nyuma, akijifuta machozi.

“Eh, kapita yangu!” Albertine alipaza sauti, akimwita mtoto kama msimamizi wa kazi. “Mwalimu, simutoshe tena. Lakini anapima kidogo!”

Tangu hapo mchezo ulitangulia kila asubuhi, akina mama wakaleta makopo, na kitanda cha Kapya kikakauka. Lakini siku ile ya kwanza Hortense alingoja sana kwenye mstari. Zamu yake ilipofika, Kapya alimtazama kwa ukali.

“Weye, uko na batoto ngapi?”

Hortense aliwatazama wote waliokuwa wakipiga kelele darasani.

“Bote hawa,” alijibu.

Kapya akauangalia udongo wake uliobaki, akakunja uso, akaanza kupima.