Mguu wa Pili wa Chiriku

Sogeeni karibu, na mwenye roho nyepesi amshike mwenzake mkono.

Jua lilikuwa linazama, na Mama Chiriku alikuwa akifunika vizimba vyake kwa vitambaa. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu alitibu ndege wa kufugwa, wale wadogo wadogo wanaoimba madirishani. Miguu ndiyo ilikuwa fani yake. Aliyenasa ukucha kwenye waya, aliyekanyagwa na mtoto, aliyejizungushia uzi mpaka mguu ukafa ganzi, wote waliletwa kwake. Na kila mteja aliambiwa neno lilelile: "Ukishauona mguu mbovu, usikimbilie kufurahi. Angalia na wa pili. Ndege ni mnafiki huyu, maumivu anayaficha manyoyani."

Lakini jioni ile akili yake haikuwa kwa ndege hata kidogo. Chumba cha nyuma alilala binti yake, mtoto wa pekee, mguu wa kushoto umevimba na umepoa kama chuma. Hospitali walipiga picha wasione kitu. Daktari alisema vidole vikizidi kuwa vyeusi, asubuhi wataukata. Waukate! Msichana ambaye juzi tu alicheza harusini mpaka viatu vikamshinda! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, jamani.

"Hodi..."

Sauti ilikuwa ndogo, kama inatoka karibu na sikio lake wala si mlangoni.

Aliingia mwanamke aliyejifunika shungi mpaka mdomoni. Akaingia na harufu... harufu ya manyoya yaliyoungua. Akatoa chiriku wa manjano kutoka ndani ya mkono wa nguo yake.

"Amevunjika mguu," alinong'ona. "Nifungie. Ila uzi ulio mguuni usiuguse."

"Tumeshafunga, dada. Nina mgonjwa ndani."

"Najua."

Mama Chiriku alitaka kuuliza amejuaje, lakini ndege alilia, na mkono uliozoea kazi haungoji ruhusa. Akamviringisha kwenye kitambaa, akamlaza ubavu, akavuta taa. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba chini ya uzi mwembamba uliokaza kama waya. Akapasua mrija wa soda kuwa banzi, akauweka kwenye mfupa, akazungusha plasta mara ya kwanza. Akakaza.

"Mamaaa!"

Ilikuwa sauti ya binti, kutoka chumba cha nyuma.

Akalegeza plasta. Kimya.

Labda ni bahati mbaya tu, alijiambia. Akakaza tena, kidogo tu.

"Mama, mguu! Mguu wangu unavunjika!"

Akauinamia ule uzi, macho karibu yauguse. Haukuwa uzi. Zilikuwa nywele, zimesukwa mafundo matatu, nyekundu kwenye ncha. Wekundu ule aliujua. Ilikuwa hina aliyompaka binti yake nyweleni kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya ile harusi, kabla hajapita msusi mmoja mgeni wa nyumba kwa nyumba, ambaye hata sura yake sasa haikumjia. Siku ile walisukwa wote wawili, mama na mwana, na msusi akafagia nywele zilizodondoka na kuondoka nazo. Wakamsifu kwa usafi.

"Malizia," ilisema ile sauti. "Kwa mkono wangu dawa hii inaumiza tu. Kwa mkono wa mama ndiyo hushika."

"Ng'o!" alisema Mama Chiriku. "Labda niwe nimekufa!"

Akanyakua mkasi wake wa kazi. Akapenyeza ncha kati ya ngozi na nywele, taratibu, kama alivyofanya kwa mamia ya ndege. Pumzi kaibana.

Kacha!

Chiriku akakunjua vidole vyake.

"Mama... nasikia vidole! Mama, njoo uone!"

Alikimbia bila kumtazama mgeni. Akaushika mguu wa binti. Joto! Weusi ulikuwa unafifia na damu inarudi, hata kucha zimeanza kuwa na rangi. Wakakumbatiana wakilia na kucheka kama wendawazimu. "Sikatwi tena, eti mama?" "Nani akukate? Aje aanze na mimi!" Furaha ile haina jina, na Mama Chiriku aliilia mpaka koo likamkauka.

Aliporudi chumba cha mbele, mgeni hayupo. Chiriku hayupo. Kitambaa kilikuwa mezani, bado kina joto, na harufu ya manyoya imetanda.

"Nenda zako, na usirudi!" alipaza sauti mlangoni, na akahisi kama mshindi.

Akaanza kukunja kile kitambaa. Mikono ikasimama.

Alikuwa amemlaza yule ndege ubavu. Mguu wa kushoto ulikuwa juu, kwenye taa. Wa kulia ndege aliukunja ndani ya manyoya muda wote, wala hakuutoa.

Na yeye hakuuangalia.

Neno analomwambia kila mteja, leo amelisahau yeye. Akaikumbuka siku ile ya msusi, nywele zake mwenyewe, zenye mvi, zikifagiwa pamoja na zile nyekundu.

Ni mawazo tu, alijiambia. Akaifunga milango, akabeba kikombe cha maji kumpelekea binti. Sakafu ilikuwa baridi leo, baridi ya ajabu, lakini chini ya mguu mmoja tu.

Binti aliinua macho kutoka kitandani. Tabasamu likamfifia usoni pole pole.

"Mama," alinong'ona, "mbona unachechemea?"