Jicho la Kitufe

Kile kitufe kilipepesa, na fundi hakuwa amekiandikia kupepesa.

Alicheka kidogo, akasingizia uchovu. Ulikuwa mchana kweupe, na alikuwa akitengeneza programu ya duka la miwani. Mwenye duka, mtu wa kujidai kupita kiasi, alivikataa vitufe vya mraba ambavyo kompyuta huvichora yenyewe. Alitaka kitufe chenye sura ya jicho. Kitufe cha namna hiyo lazima ukichore mwenyewe kwa maagizo, mstari kwa mstari: upinde wa juu, upinde wa chini, kope, mboni. Na mchoro wenyewe haukai. Dirisha lake kwenye kompyuta likifunikwa na jingine, unafutika. Likifunuliwa, kompyuta inauchora upya kwa maagizo yale yale.

Aliyemfundisha ni kaka yake, fundi wa siku nyingi, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Kaka alisimama nyuma ya kiti akimtajia kila mstari kwa kichwa. Fundi alipomwomba amtumie tu anakili, kama wavivu wote wa kazi ile wanavyofanya, kaka alikataa katakata.

"Andika kwa mkono wako, mdogo wangu. Ndivyo utakavyoelewa."

Fundi aliguswa sana. Nani siku hizi ana subira ya kumfundisha mtu?

Baada ya kupepesa ikaja harufu ya nywele zinazoungua, kila alipolifunua lile dirisha. Halafu ukungu machoni. Kadiri jicho la kwenye kioo cha kompyuta lilivyozidi kung'aa ndivyo macho yake yalivyozidi kufifia, hata siku moja akayafuta maagizo yote, akaiwasha programu upya, na jicho likajichora pale pale bila kuagizwa na mtu, upinde wa juu, upinde wa chini, kope moja moja bila haraka, kisha mboni, ambayo ilizunguka ikimtafuta chumbani mpaka ikampata alipokuwa amejibanza ukutani, mkono mdomoni, akiogopa hata kupumua.

Alikimbilia kwa mganga, mama mmoja mnene mcheshi, akamsimulia yote.

"Mwanangu, mimi hata simu yangu mwenyewe inanishinda," mganga alisema. Kisha akashusha sauti. "Lakini jini hili nalijua. Haliingii hivi hivi. Linamhama mtu pale mwingine anapolichora kwa mkono wake, kwa hiari yake. Nani alikutajia?"

"Kaka yangu," fundi alisema. Alikumbuka jinsi kaka yake alivyokuwa akipofuka, madaktari wamekwisha kukata tamaa, na jinsi alivyopona ghafla mara tu baada ya lile somo. Wote walishangilia. Yeye ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Moyo ulimuuma kuliko macho.

"Aliyekupa alichore tena yeye mwenyewe, mpaka mwisho," mganga alisema. "Na afanye upesi, kabla macho yako hayajazimika kabisa."

Kaka alipoitwa alikuja, wala hakukana.

"Ningefanyaje? Nina watoto mimi."

"Na mimi nilikuwa nani wako, kaka? Si wewe uliyenilea?"

Kaka alilia. Akavuta kiti, akaanza kuandika.

Upinde wa juu, na fundi, ambaye sasa alikuwa haoni ila ukungu mtupu, akaona mwanga wa dirisha la chumba. Upinde wa chini, akaona ukuta. Kope, akaona mikono ya kaka yake, kisha uso wake, ule uso aliokuwa akiusubiri mlangoni kila jioni utotoni, na akasahau kila kitu, akawa anamshukuru huku machozi yanamtiririka. Ilibaki mboni tu.

Ndipo harufu ya nywele zinazoungua ilipomgeukia kaka. Akayafikicha macho yake, akakitazama kioo, akayafikicha tena. Vidole vyake vikasimama.

"Malizia, kaka," fundi alinong'ona. "Umebakisha kidogo tu."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, akakiacha pale pale. Kope zikatoweka, na uso wake ukaenda nazo. Upinde wa chini ukatoweka, na ukuta. Kitu cha mwisho fundi alichokiona duniani, katika mwanga uliobakia, ni kile kidole cha kaka yake, kimebonyeza, wala hakinyanyuki.