Bomba la Mvua na Sahani Tupu

Idi ilikuwa kesho. Nyumbani kwa Rasmia, mjini Irbid, tanuri lilikuwa moto na vileja vya tende vilinukia hadi ngazini. Rasmia alikuwa amejipaka hina kichwani. Aliingia bafuni kuiosha, akafungua bomba la mvua. Yakadondoka matone tu.

"Ni yeye!" alifoka. "Mama Ghassan ananibania maji!"

Mama Ghassan alikaa ghorofa ya juu kabisa. Matangi ya wapangaji wote yalikuwa juu ya paa, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Maji ya bafuni yalikuwa yakipungua kidogo kidogo kwa muda mrefu. Rasmia akaamini kwamba jirani yake anakaza koki ya tangi lake.

"Umemwona?" aliuliza Fawaz, mumewe.

"Sina haja ya kumwona."

"Juzi ulisema huyo ni mama yako wa pili."

"Juzi sikuwa na hina kichwani!"

Juzi hiyo Mama Ghassan alikuwa amewaletea sahani ya achari ya matango. Kwa majirani wa pale, sahani ya mtu hairudi tupu. Hata ukiwa na ndimu mbili, unaziweka. Rasmia akajifunga kitambaa kichwani, akapanda ngazi, akaiacha sahani mlangoni. Tupu kabisa. Alishuka akijiona mshindi, lakini moyo ulimuuma. Mama yule ndiye aliyemuuguza alipojifungua.

Haukupita muda, hodi ikabishwa. Mama Ghassan alisimama mlangoni na sahani yake, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Unanifungia maji, mama."

"Mimi? Kwa magoti haya nipande paani?" Mama Ghassan akaangua kicheko huku anajifuta machozi. "Hebu, maji ya jikoni yakoje?"

Fawaz alifungua bomba la jikoni. Maji yakamwagika kwa nguvu.

"Ya jikoni na ya bafuni si yanatoka tangi moja?" aliuliza Mama Ghassan.

"Moja," alisema Rasmia polepole.

"Basi koki ingefungwa, na jikoni pangekauka. Bafuni je, ya moto na ya baridi yote yanadondoka?"

"Yote."

"Basi si hita. Kichwa cha bomba la mvua kimeziba. Fawaz, funga maji, lete spana. Zungushia kitambaa usikikwaruze."

Fawaz alikifungua kichwa cha bomba.

"Sasa fungua maji kidogo, tuone."

Fawaz akayafungua yote. Maji yakaruka, yakamlowesha mpaka soksi.

"Nilisema kidogo, kipenzi changu!" Mama Ghassan alicheka. "Rasmia, osha hina yako hapo hapo."

Alipomaliza, Mama Ghassan alimwonyesha kile kichwa cha bomba. Ndani kulikuwa na chembe za mchanga na ukoko mweupe. Vitundu karibu vyote vilikuwa vimezibwa.

"Umeuona ukoko wa birika lako la chai? Ndio huu. Maji yetu yana chokaa. Kiloweke kwenye siki saa chache, ile ile ninayotilia matango. Kisha kisugue kwa mswaki mkuukuu, vitundu uvizibue kwa sindano. Ila usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo. Moshi wake unaumiza mapafu. Na usingoje kizibe tena, kisafishe kila baada ya miezi michache."

Rasmia alifanya hivyo. Jioni Fawaz alikirudisha kichwa cha bomba mahali pake. Maji yakashuka tele, na Fawaz akaoga huku anaimba vibaya.

Rasmia hakungoja Idi ifike. Alijaza vileja kwenye sahani ile, akapanda ngazi.

"Nisamehe, mama. Ningekuuliza kwanza."

Mama Ghassan akamkumbatia kwa nguvu. Kisha akaingia ndani, akavitoa vileja, akaijaza sahani achari, akamrudishia.

"Chukua. Na siku ikirudi tupu," alisema, "nashuka na spana."