Mchumba Mwenye Tairi

Siku ya gulio, duka la Bei Chee mjini Same lilifurika. Koleta, muuza tangawizi kutoka Mamba, kitenge chake cha njano kimebana kiunoni, alimkuta mwanaume wa shati lililopauka amechuchumaa katikati ya njia, mbele ya maboksi ya sabuni.

"Kaka, unanunua au umehamia?"

"Nashangaa tu, dada. Mbona sabuni hii wateja hawaigusi?"

"Inanuka dawa ya mbu. Mwenye duka angeiogea angejua."

Mwanaume alicheka, akaomba namba ya simu. Alijiita Meli, mtu wa mizigo.

Akawa anapiga kila jioni.

"Umekula, malkia wa tangawizi?"

"Nimekula, bwana usiyependa kupigwa picha."

Kweli hakupenda. Hata walipokwenda kula hotelini, aliupa mlango mgongo. Koleta alikuwa amelea mtoto peke yake. Hakuwa na muda wa mafumbo.

"Meli, Jumamosi tuna msaragambo, kazi ya pamoja. Mvua imekata barabara yetu. Njoo na jembe, baba akuone. Kwetu mkwe huonwa kazini."

"Watakuwepo wengi?"

"Kijiji kizima."

"Nitafanya kitu, mpenzi."

Jumamosi baragumu lilipolia, watu walitoka na majembe. Mara kijiko, mtambo wa kuchimba barabara, kikapanda mlima kikikoroma. Dereva akashuka.

"Nimetumwa na Melkizedeki, mwenye maduka ya Bei Chee. Pumzikeni, namaliza yote mimi."

Mzee Loth, baba yake Koleta, alikizunguka kijiko.

"Ndiye mchumba huyu? Mbona ana tairi?"

Kijiji kizima kilicheka. Koleta alijitenga, akapiga simu.

"Kumbe tajiri ni wewe."

"Nilitaka kusaidia, mpenzi."

"Sikukuomba barabara. Nilikuomba wewe."

Akakata. Mzee Loth akakirudisha kijiko kilikotoka.

Jumamosi iliyofuata mwanaume alipanda kwa miguu, jembe begani, lebo ya Bei Chee bado imebandikwa kwenye mpini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Majembe yote yalisimama. Binti mmoja akainua simu ampige picha. Mwanaume aliitazama njia ya kushukia, akamtazama Koleta.

"Melkizedeki. Wa Bei Chee."

"Haya, shika mtaro ule."

Hadi mchana viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. Koleta alimpelekea uji kwenye kibuyu.

"Jumapili nije kuposa?" aliuliza, akihema.

Koleta aliutazama mtaro. Ulikuwa umepinda.

"Njoo. Ila kwanza unyooshe huu."