Amri ya Kufuta

Mgonjwa alikufa kwenye meza ya upasuaji huku jokofu la hospitali likiwa limejaa damu. Majibu ya vipimo vya mifuko yote yalikuwa yametoweka kwenye kompyuta, na hakuna daktari aliyethubutu kumwongezea damu asiyoijua.

Inspekta alianza na mtaalamu wa maabara. Mama wa watu alikaa ukingoni mwa kiti.

“Uliandika nini kwenye programu?”

“Niliandika jina lake, ‘damu’, halafu ‘fu’. Kifupi cha ‘funga’. Ndivyo tunavyofunga kazi za asubuhi.”

“Ikakuuliza chochote?”

“Hata neno. Kila kitu kikapotea.”

“Hayo yabaki kati yetu.”

Kisha akamwita binti aliyeibuni programu hiyo.

“Nieleze kama mtu asiyejua kitu.”

“Unaandika jina la programu, kisha amri ndogo: pokea, tafuta, funga, futa. Amri ndogo zina vifupi, isipokuwa ‘futa’. Hiyo niliinyima makusudi. Lazima uandike neno zima, kisha uthibitishe.”

Wapelelezi wa makosa ya mtandao walichunguza kompyuta zote. Kifupi cha ‘fu’ kilikuwa kimehamishiwa kwenye ‘futa’, na swali la uthibitisho kuondolewa. Akaunti iliyotumika ilikuwa ya binti. Lakini wakati mabadiliko hayo yakifanywa, yeye alikuwa ukumbini, mganga mkuu akimmwagia sifa mbele ya wafanyakazi wengi.

“Nani mwingine anaijua nywila yako?”

“Kaka yangu tu. Tunafanya kazi chumba kimoja.”

Kaka mtu aliingia akiwa ametulia tuli.

“Mdogo wangu ana pupa,” alisema. “Nilimwonya. Ona sasa, yule mama wa maabara kaandika ‘fu’ tu, haikumuuliza hata kama ana uhakika.”

Inspekta akaweka kalamu chini.

“Nani kakwambia aliandika ‘fu’?”

“Watu… wanasema.”

“Watu gani? Anajua yeye, najua mimi na wapelelezi wangu. Na aliyeibadilisha.”

Jasho likamtoka.

“Mimi ndiye niliyemfundisha,” alisema hatimaye. “Alikuwa hajui hata kuwasha kompyuta. Leo nikifika nyumbani, hata sijavua viatu, mama ananiuliza: mwenzako yuko wapi, kala? Kila mtu yeye, yeye, yeye! Nilitaka aumbuke siku moja tu. Nilidhani zitapotea kumbukumbu, watamfokea, basi.”

“Mtu amekufa.”

“Sikumfikiria mgonjwa. Nilikuwa namfikiria yeye.”

Askari walipomtoa na pingu, binti alikuwa amesimama kwenye korido, macho mekundu.

“Si ungeniambia, kaka? Kazi yote ningekuachia.”

Kaka mtu akamtazama kwa chuki ambayo hata pingu hazikuipunguza.

“Ndicho nisichokitaka,” alisema. “Kuachiwa na wewe.”