Sweta Chini ya Kitanda

Kila Julai, mizani ya kupimia samaki ilitolewa ghalani na kutundikwa mlangoni kwa Bibi Ragnhild. Hapo mikoba ya safari ya mlimani ilipimwa. Mwenye mkoba mwepesi kuliko wote alilala kitanda cha juu katika kibanda cha wapanda mlima, na ndiye aliyeandika jina la kwanza katika kitabu cha wageni.

Mwaka huo walikuwa watatu tu: Bibi, Tiril mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, na binamu yake Sindre. Babu Halvor alikuwa amefariki wakati wa baridi. Kiangazi kilichotangulia alikwenda peke yake hadi kibanda hicho cha Langvatn, kando ya ziwa, maana goti la Bibi lilikuwa bovu. Aliporudi, Bibi alimuuliza ameandika nini kitabuni. Mzee akacheka. "Nenda ukasome mwenyewe!"

Sasa daktari alitaka kulipasua goti lile Septemba. "Kwanza nikasome," Bibi alisema. "Kisu kitanisubiri."

Sindre hakuacha kumchokoza Tiril. "Mwaka juzi ulilia kabla hata ya mlima kuanza. Ulibeba nyumba nzima, punda wewe!"

Tiril alikwenda kufungasha mkoba wake. Chumbani alilitazama sweta la sufu alilofumiwa na Bibi. Zito, tena linawasha shingoni, na huko nje jua linawaka. Akalisukuma chini ya kitanda.

Katika nyumba ile hakuna aliyefungua mkoba wa mwenzake. Bibi alitaja kitu kimoja kimoja, nawe ulijibu kwa kinywa chako.

"Koti la mvua?"

"Lipo."

"Soksi kavu?"

"Zipo."

"Sweta la sufu?"

Tiril alikaza kamba ya mkoba wake. "Lipo."

Mizani ikasema kilo tano na nusu. Wa Sindre ulikuwa kilo sita, wa Bibi zaidi. "Haya, kitanda cha juu chako," Sindre alinung'unika.

Njiani walifuata alama nyekundu zilizopakwa juu ya mawe. Bibi alitembea na fimbo mbili, akiimba. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Asubuhi unyoya, jioni jiwe."

"Mkoba!" Sindre akadakia, na wote wakacheka.

Saa nane mchana wingu lilishuka kama pazia. Ikaja mvua, kisha upepo, kisha theluji ya majimaji iliyopiga usoni. Julai hiyo! Maji yalipenya shingoni mwa Tiril, fulana yake ya pamba ikamganda mwilini. Meno yakaanza kugongana. Ng'ambo ya ziwa, mbali na juu, paa la kibanda lilionekana mara moja likapotea.

"Mwanangu, midomo imekuwa ya bluu," Bibi alisema. "Toa sweta upesi, uvae."

"Sina, Bibi."

"Umelisahau?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Tiril alitazama chini. "Sikulisahau. Nililiacha makusudi. Nilikudanganya."

Bibi hakugomba. Alivua koti lake, akavua sweta lake mwenyewe, akamvika Tiril, kisha akarudisha koti juu ya shati jembamba. Alitazama upande wa ziwa.

"Kibandani ni mwendo wa saa mbili, upepo usoni," alisema. "Banda la wachunga kondoo ni nusu saa kwenda chini. Tunarudi."

"Lakini Bibi, kitabu…"

"Nimesema tunarudi."

Kwenye jiwe lililolowa Bibi aliteleza. Goti likalia, naye akauma midomo. Bandani walikaa wamebanana, wakila mkate mkavu na jibini ya kahawia. Bibi alikuwa akitetemeka.

"Hongera," Sindre alimnong'oneza Tiril. "Umeshinda."

Hakuna neno lililowahi kumchoma kama lile.

Kwa kuteleza kule goti liliumia zaidi, likapasuliwa mapema, na daktari akasema milima basi. Mwezi wa Agosti Tiril alipanda tena na mama yake, sweta likiwa mwilini. Kibandani alikifungua kitabu, akaupata mwandiko wa Babu, akaupiga picha.

Bibi aliipokea picha akiwa amekaa karibu na dirisha, magongo pembeni. Akasoma kwa sauti: "Jua, mvua na theluji, yote leo. Kahawa nimekunywa peke yangu, haina ladha. Kiangazi kijacho namleta Ragnhild."

Akaikunja picha taratibu.

"Bibi," Tiril alisema huku analia, "kile kitendawili kina jibu jingine."

"Lipi?"

"Lile neno langu. 'Lipo.'"

Bibi alimvuta karibu. "Umepata. Sikiliza, mjukuu wangu. Kubeba kidogo ni vizuri, nami ndimi niliyekufundisha. Lakini siwezi kuona ndani ya mkoba wako. Nalisikia neno lako tu, na juu ya neno hilo ndipo ninapopanga njia ya watu wote. Likiwa la uongo, tunapotea sote. Uliposema kweli kule juu, tulishuka salama. Ungeisema mlangoni, tungefika."

"Umenisamehe?"

"Siku ile ile." Bibi aligeukia dirishani, milima ikiwa imejificha katika wingu. "Ila kule sitafika tena. Haya, weka birika motoni."