Kizuizi cha Bertilla

"Berti, mbona padri hajatutangaza?"

Clemens alikuwa nje ya kanisa pale Izia, simu sikioni. Jumapili hiyo ndoa yao ilikuwa itangazwe mara ya tatu, ya mwisho, na padri aliwaruka.

Bertilla akakata simu. Punde meseji ikaingia: "Nimemwomba padri asitishe. Kuna kizuizi. Nisamehe, usinitafute."

Mama yake Clemens aliisoma kwa kuchungulia, akaguna.

"Nilikwambia. Wewe uko Namanyere unanunua mahindi, mwenzio huku tumbo linaumuka. Si lako hilo."

Wivu ni kichaa jamani. Clemens alifika kwa Anjela, dada yake Bertilla, akaingia bila hata hodi.

"Mimba ya nani?"

Bertilla alikuwa kitandani, kajifunga kitenge hadi kifuani.

"Ingekuwa mimba, Clemens, ningekuogopa wewe tu."

Akakishusha kile kitenge. Kovu refu lilikata tumbo, na juu ya ubavu, chini ya ngozi, kulikuwa na kitu kigumu kama kifungo cha koti.

"Ni saratani. Imetapakaa kwenye utando wa tumbo. Kilichoumuka ni maji. Ulipokuwa Namanyere nilikwenda hospitali Mbeya, wakanipasua, wakatoa na kizazi."

"Na hiki?"

"Hapo ndipo nesi anachoma sindano. Dawa inamiminwa humuhumu tumboni, najaa mpaka napumua kwa shida. Halafu ananigeuza ubavu huu, ananigeuza ule, ifike kila kona. Siku ya kwanza nililia kama mtoto."

Clemens akakaa sakafuni. Hajawahi kuogopa vile maishani.

"Utapona?"

"Daktari anasema tuendelee tu. Lakini sitakuzalia. Kizuizi ndicho hicho."

"Padri ndiye kasema?"

"Sikumweleza. Niliona aibu."

"Basi twende ukamweleze."

Padri aliwasikiliza, akasema ugonjwa haujawahi kuwa kizuizi. Clemens akamsimulia na mama yake.

Jumapili iliyofuata majina yalisomwa.

"Anayejua kizuizi chochote, aseme."

Mama Clemens akasimama.

Kanisa zima likageuka. Clemens, upande wa wanaume, akanyanyuka nusu. Yule mama akatoka kwenye benchi lake, akaja taratibu hadi alipokaa Bertilla, ambaye alishafumba macho akingoja kuaibishwa. Akamsogeza Anjela, akaketi.

"Shikamoo mama," Bertilla alinong'ona.

"Marahaba. Dawa unarudi lini?"

"Jumatano."

"Na huko nani anakugeuza?"

"Nesi, mama."

"Mwambie nakuja. Nitakugeuza mimi."

Bertilla alimshika mkono. Hofu ya Jumatano ilikuwa palepale, lakini mkono ule hakuuachia mpaka misa ikaisha.